UZI: The Flash msimu wa 3 episodi ya 21, Barry anapofutika kumbukumbu zote. Mi naona hii ndo imebeba msimu mzima (spoila kibao)

Mtazamaji255

Wakuu kwema humu. Kama hujamaliza msimu wa 3 wa The Flash, ile tamthilia ya Marekani ya Barry Allen, jamaa mwenye spidi ya ajabu anayeitwa Flash, pita pembeni kwanza, ntamwaga kila kitu mpaka adui ni nani na nani anakufa.

Nimeurudia msimu wote, sasa nimefika hii episodi ya 21 inaitwa Cause and Effect, kituo cha TV cha CW kiliirusha tarehe 9 Mei 2017. Nimeona niilete hapa maana kila watu wakitaja episodi kali za The Flash hii haitajwi, na wakiitaja wanasema ni ya kujazia nafasi, eti walitaka tupumue kidogo kabla ya vita ya mwisho. Sikubali hata kidogo. Hii ndo inayokwambia msimu wa 3 ulikuwa unahusu nini.

Kwa waliosahau. Episodi ya 20 inaisha tumeshajua Savitar, yule adui wa msimu, ni nani, ni Barry mwenyewe. Siyo Barry wa leo, ni nakala. Huko mbele Barry akiwa anapigana na Savitar alirudi rudi nyuma kwenye muda akatengeneza nakala zake kibao wasaidiane, Savitar akaziua zote akabakiza moja, ile moja ikabaki na uso umeungua upande mmoja, ikaenda kwa Joe mlezi wake, kwa Cisco fundi wa timu yake, kwa watu wake, wakaikataa, wewe siyo Barry. Kila kitu kilichopo kichwani kwa Barry na yeye anacho, mama yake aliyeuawa ni yuleyule, mchumba wake Iris anampenda vilevile, ila wote aliowapenda wanamwona takataka iliyobaki baada ya kazi kuisha. Hapo ndo akaamua kuwa mungu, maana mungu hasikii maumivu. Na ili azaliwe lazima Iris afe, Barry wa leo achanganyikiwe na uchungu, aje aitengeneze hiyo nakala. Mduara usio na mlango.

Sasa shida ya timu ni kwamba leo ya Barry ni jana ya Savitar. Chochote Barry atakachopanga mezani na wenzake, mwenzie anakikumbuka kitambo. Utamtegea mtego gani mtu ambaye alikuwepo mnautega? Cisco akaja na wazo, wauzuie ubongo wa Barry usitunze kumbukumbu mpya kwa kipindi kile, asichokuwa nacho Barry na Savitar hatakuwa nacho. Wazo zuri tu. Wakamfunga mtambo wa kufanya hivyo, ukazidisha, jamaa kuamka hamjui Cisco, hamjui Joe, hamjui Iris, jina lake mwenyewe halijui. Akiambiwa anaitwa Bartholomew anajichagulia, niiteni Bart.

Na huyo Bart ni mtu wa furaha jamani. Anacheka kila saa, anaambiwa huyu dada mrembo ndo mchumba wako haamini bahati yake, anaambiwa unaweza kukimbia kuliko risasi anaruka ruka kama mtoto. Watu walicheka wakapita. Mi nilipoirudia sikucheka, nilimwangalia Iris. Iris anamwona Barry ambaye hajawahi kumwona tangu wako wadogo, Barry asiye na mzigo, maana mama yake Nora aliuawa mwaka 2000 jamaa akiwa na miaka 11, baba akasingiziwa akaozea gerezani, akatoka, akauawa na adui mwingine, Zoom, mbele ya macho ya mwanae. Halafu juu ya yote anajua tarehe atakayouawa Iris. Vyote hivyo vimefutika asubuhi moja. Na Iris anaanza kujiuliza kwa nini tumrudishie.

Hilo swali ndo msimu mzima wakuu. Hebu rudi episodi ya kwanza, ya tarehe 4 Oktoba 2016, ile Flashpoint. Barry ameenda nyuma amemwokoa mama yake, anaishi na wazazi wote wawili, miezi mitatu ya raha. Tatizo lilikuwa nini? Kila akitumia spidi kumbukumbu za maisha yake ya zamani zinafutika. Alikuwa anaelekea kuwa Bart bila mtambo wowote! Ikabidi amfungulie adui yake Thawne akamuue mama yake tena ili dunia irudi kama ilivyokuwa. Yaani wameanza msimu na jamaa anayesahau kwa sababu amepata furaha, wanakaribia kuufunga na jamaa aliyepata furaha kwa sababu amesahau. Mtu anaweza kuniambia hiyo imetokea tu?

Karibuni.

binti_magomeni

Kaka mtoa mada umenigusa. Candice Patton kwenye hii episodi alifanya kazi kubwa sana na hakuna aliyempa sifa zake. Wanasema Iris hana kazi kwenye hii sizoni, kazi yake kutekwa na kuokolewa. Hapa kazi yote ni yake.

Kipande ninachokipenda ni pale yeye na Joe wanaongea. Iris anasema wazi kwamba anafurahi kumwona vile, na huwezi kumlaumu, kashajua atakufa karibuni, huyu mwanaume akimsahau hatamlilia. Nani asiyemtakia mtu anayempenda asiumie? Ila Joe ni mzee aliyewalea wote wawili, anajua yule kijana mwema aliyekaa nyumbani kwake amefinyangwa na ule msiba. Ukitoa msiba unamtoa na kijana. Jesse L. Martin akiongea maneno ya baba mi nalegea kila siku.

Halafu mwisho, jengo linaungua watu wamenasa ndani, Bart ana spidi lakini hajui cha kufanya nayo, ni Iris anayemrudisha. Na hamrudishi kwa kumbukumbu tamu. Hamwambii siku ya kwanza walipobusiana wala siku aliyomchumbia. Anamwambia usiku ule mama yake alipouawa, alivyoletwa kwao mtoto mdogo amevunjika, na yeye Iris akawa naye. Anampa jambo baya kuliko yote maishani mwake, na ndani ya lile jambo baya yumo yeye. Mi nililia.

Ngosha

Wakuu mnaipamba sana hii kitu. Mi The Flash nimeitazama toka 2014 na naipenda lakini ukweli usemwe.

Kwanza kupoteza kumbukumbu ni mbinu iliyochoka. Kila tamthilia ikiishiwa stori steringi anasahau. Muvi za Kihindi tumezikulia, jamaa anapigwa rungu anasahau mpaka mke, mwisho anapigwa tena anakumbuka. Hapa rungu wameweka mtambo, basi.

Pili ile mahakama. Barry ni mtaalamu wa ushahidi wa polisi, siku hiyo anatakiwa kutoa ushahidi kwenye kesi ya mchoma moto Heat Monger. Badala ya kumwombea ruhusa ya ugonjwa wanamvalisha miwani Cisco amrushie maneno ya kusoma, miwani inazingua, anaaibika mbele ya hakimu, mhalifu anaachiwa. Watu wenye akili kama wale hawana hata mmoja wa kuandika barua kwamba shahidi anaumwa?

Tatu, Wally, mdogo wake Iris ambaye naye ana spidi. Barry anasahau, ghafla Wally anaishiwa spidi. Kivipi? Kichwa cha mtu mwingine kinahusiana nini na miguu ya Wally?

Mtazamaji255

Ngosha mkuu naanza na Wally maana hiyo ina jibu safi. Spidi ya Wally kwenye msimu huu imetoka kwa Savitar. Savitar ni Barry wa mbele. Barry akifutika leo, huko mbele hakuna mtu anayejua kuwa mungu wa spidi, hakuna chuki, hakuna mpango, hakuna Savitar wa kumpa Wally chochote. Jina la episodi lenyewe linasema chanzo na matokeo, wamegusa uzi mmoja nguo yote imevutika. Na ndo maana Killer Frost, yule Caitlin mwenzao wa zamani aliyegeuka akawa upande wa Savitar, anakuja mwenyewe maabara kuwasaidia, bosi wake Savitar naye kapoteza kumbukumbu, hamfai kitu. Adui na timu wanataka jambo moja, Barry akumbuke! Nionyeshe muvi ya Kihindi yenye hiyo hali.

Mahakamani nakuelewa, ila naona walitaka kosa liwe na gharama. Wangeishia kwenye vichekesho vya Bart tungesema hakuna kilichoharibika, basi abaki hivyo. Lakini yule Heat Monger aliyeachiwa ndo anayekwenda kuchoma jengo lenye watu. Furaha ya Bart ina watu wanaoilipia, na hao watu wapo ndani ya moto. Bila mahakama swali la Iris lingekuwa jepesi mno.

Kuhusu kuchoka kwa mbinu, mbinu zote zimechoka mkuu. Mapacha waliotenganishwa, wosia uliofichwa, zote tunazijua. Mi nauliza imetumika kusema nini.

NesiMdogo

Samahani nadandia. Nasoma uuguzi na hii mada ya kumbukumbu naipenda mno, nitaandika ndefu mnivumilie.

Kitu ambacho waandishi walipatia na watu wengi hawajakiona ni kwamba kuna kupoteza kumbukumbu kwa aina mbili. Kuna kusahau ya nyuma, na kuna kushindwa kutunza ya mbele, yaani ya zamani unayo vizuri ila kipya hakikai. Mpango wa Cisco ulikuwa hii ya pili, ni kitu kipo kabisa. Mgonjwa maarufu kuliko wote kwenye elimu ya ubongo alikuwa na hiyo. Mmarekani, Henry Molaison, vitabuni alifichwa kwa herufi H.M. mpaka alipofariki 2008 akiwa na miaka 82. Mwaka 1953 akiwa na miaka 27 alifanyiwa upasuaji na daktari William Scoville kutibu kifafa kilichokuwa kinamtesa, wakamtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kutunza kumbukumbu mpya. Kifafa kilipungua sana. Ila tangu siku ile hakuweza kutunza jambo jipya, unaongea naye, unatoka nje, unarudi, anakusalimia upya. Alikuwa anajijua, utoto wake anaukumbuka, ila maisha mapya hayakuingia.

Na hapa ndo patamu. Mtafiti Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota akiwa anaangalia mkono wake kwenye kioo. Ni kazi ngumu, jaribuni. Siku baada ya siku akawa anachora vizuri zaidi, huku kila siku anasema hajawahi kulifanya hilo zoezi. Mikono ilijifunza, yeye hana habari! Ndo wakajua kumbukumbu haikai chumba kimoja, ustadi wa mwili una njia yake. Kwa hiyo Bart kuwa na spidi, kuongea, kusoma maandishi ya kwenye miwani, hakuna ubaya kabisa. Kinachonisumbua mimi ni kazi yake ya maabara, elimu kama ile mara nyingi inabaki zaidi kuliko matukio ya maisha, angeweza kumsahau Iris na bado akajua majivu ya petroli yakoje.

Hiyo ya Bart, kusahau jina lako na watu wako wote huku unajifunza vipya vizuri, ni adimu sana, na ikitokea mara nyingi chanzo ni msukosuko wa nafsi kuliko ubongo kuumia. Kuna mhubiri wa Marekani anaitwa Ansel Bourne, mwaka 1887 alipotea kwao Rhode Island, akaenda Norristown kule Pennsylvania, akafungua kaduka anajiita A. J. Brown, majirani hawakuona kasoro. Kama miezi miwili hivi baadae akaamka asubuhi anauliza hapa ni wapi, ya duka hajui lolote. Angalieni herufi za jina, A na B zilibaki palepale. Bart naye alichukua kipande cha jina lake mwenyewe.

Ila kuna kitu kimoja, kumbukumbu iliyofutika na jeraha hairudi kwa kusimuliwa. Nasema hivi kwa sababu kuna familia zinakaa na mgonjwa zinamhadithia kila siku, hairudi, wanajilaumu kwamba hawajaongea vizuri. Msijilaumu jamani.

Kipwani

Mimi natoka Mombasa, nimekuwa nikisoma tu humu lakini huyu NesiMdogo amenitoa. Shukran dada.

Hebu mnifafanulie, mjomba wangu alianguka na boda, akazimia. Alipoamka alikuwa anatujua wote sawasawa lakini ile safari yenyewe, alikotoka, aliyembeba, hana. Mpaka leo hana. Huwa anaona haya kuulizwa, watu wanafikiri anaficha kitu.

NesiMdogo

Pole kwa mjomba Kipwani. Hafichi. Kumbukumbu ikiingia inahitaji muda ikae, kichwa kikipigwa kabla haijakaa ile ya karibu na ajali inapotea, ya zamani inabaki. Ni kawaida sana kwa waliopata ajali. Mwambie shangazi na majirani wasimbane.

Na kabla sijasahau, kwenye hili la Iris kumrudisha Barry, kuna mwanamuziki wa Uingereza Clive Wearing, alipata maambukizi ya ubongo mwaka 1985, kumbukumbu yake haizidi sekunde chache, kila muda anahisi ndo anaamka. Lakini anapiga piano. Na mke wake Deborah anamjua, akiingia mlangoni anamkumbatia kama hawajaonana miaka, hata kama alitoka sasa hivi kuchukua chai. Kwa hiyo lile la mtu mmoja kubaki wakati vingine vyote vimeondoka mi siwezi kulicheka.

Kipwani

Ahsante sana, nitampelekea hayo maneno.

Sasa kwa episodi yenyewe, mimi nampa Grant Gustin heshima yake. Kwa wiki moja anacheza Barry, Bart na Savitar, na humchanganyi hata ukizima sauti. Bart mabega yako juu, macho yanazunguka. Savitar hatingishiki. Lakini pia Danielle Panabaker asisahauliwe. Killer Frost ana kumbukumbu zote za Caitlin, hakupoteza hata moja, anachagua kuzikanyaga. Halafu akawekwa meza moja na Cisco wakifanya kazi kama zamani, wakakumbushana mambo yao, na kuna kidakika pale Caitlin alikuwa anarudi, unaona uso unalainika. Cisco akaona, akamwita. Akaondoka. Hiyo iliniuma kuliko ya Barry maana ya Barry ilipona.

Ya H.R. wa kwenye timu na Tracy yule mwanasayansi sina la kusema, mapenzi mazuri lakini yalikuwa yananikatia stori.

Ngosha

Kipwani umenifungua kitu. Kwa hiyo kuna asiyekumbuka anafurahi, kuna anayekumbuka anakataa, na kuna Savitar anayekumbuka ila amekataliwa. Watatu kwenye episodi moja. Sawa, hapo nawapa waandishi maksi.

Ila Mtazamaji nijibu, kama kumbukumbu ya maumivu ndo inamfanya Barry kuwa shujaa, Savitar ana maumivu yaleyale na zaidi. Mbona yeye hakuwa shujaa?

Mtazamaji255

Swali zuri sana mkuu. Jibu langu lipo kwa binti_magomeni pale juu. Ule usiku wa mama kuuawa haukuwa wa maumivu peke yake, kulikuwa na nyumba iliyomfungulia, Joe akamlea, Iris akakaa naye. Savitar anaukumbuka usiku uleule dakika kwa dakika, halafu watu walewale waliomfungulia akiwa mtoto wamemfungia akiwa mkubwa. Kumbukumbu ni ileile ila haina tena mwenyeji. Ndo maana naogopa watu wanaosema Savitar ni mbaya tu, wale waliomkataa ni timu yetu tunayoishangilia.

Na waandishi walilijua hilo deni, ndo maana episodi ya 23 Barry anamfuata. H.R. ameshajitoa kufa badala ya Iris, Savitar anaanza kupotea kwa sababu chanzo chake kimekatika, na Barry anamwambia njoo nyumbani, utaishi. Jamaa anafika mpaka maabara, anasimama mbele ya watu wake wa zamani, unaona anataka. Akashindwa, akaondoka na hasira zake. Mi naamini alichelewa kuitwa. Wangemwita siku ile ya kwanza alipogonga na uso wake umeungua hakuna Savitar, hakuna msimu wa 3.

Ngosha

Nimekuelewa. Lakini msimu wa 4 episodi ya kwanza wamerudia tena! Barry anatoka kule alikokuwa amejifungia, kichwa kimevurugika, anachora alama ukutani, anaongea visivyoeleweka, na anayemrudisha ni nani, Iris. Si wamejinakili?

binti_magomeni

Hapana kaka, tazama tena. Kwenye ya 21 Iris alimrudisha kwa maneno, alimhadithia. Msimu wa 4 maneno yalishindikana, Cisco kajaribu, Joe kajaribu, jamaa hasikii. Iris alijipeleka mwenyewe kwa lile roboti la samurai ambalo lilikuwa linamtaka Flash, akajua Barry akisikia yuko hatarini atakuja hata akili haipo. Na alikuja. Yule Iris wa kwanza alikuwa anajiuliza kama amrudishe au amwache na furaha yake, huyu wa pili ameishi bila yeye miezi sita na hajiulizi tena.